Kunde na kengele ya mbuzi: shajara ya mradi, Januari hadi Mei 2025

Jumapili, 5 Januari

Naanza daftari hili kwa sababu ya Jumatatu iliyopita. Nilirudi nyumbani Kihonda saa kumi na moja jioni, jua la Morogoro bado linachoma, nikamkuta Kunde amejilaza kwenye kona ya banda, ulimi nje. Sufuria yake ya maji ilikuwa imepinduka na udongo chini yake umeshakauka. Pembeni alikuwa amejisaidia, jambo ambalo hajalifanya tangu akiwa mtoto. Mama yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Bibi, akaniambia, "Mwanangu, mbwa wako amelia tangu adhuhuri. Nikadhani anabwekea wapita njia."

Bibi hakukosea. Kunde ni mbwa wa ulinzi na kubweka ndiyo kazi yake. Abwekee mgeni, abweke kwa kiu, abweke kwa kubanwa, kwa mtu aliyeko jikoni na redio inaongea ni kelele moja. Mchana kutwa mbwa yule aliomba maji, na nyumbani alikuwepo mtu mwenye huruma ambaye angempelekea papo hapo lau angejua. Hilo limeninyima usingizi wiki nzima.

Kwa hiyo mradi ni huu: kumpa Kunde milio miwili isiyofanana na kubweka, wala isiyofanana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja wa haja, mwingine wa maji. Bibi aweze kuitofautisha akiwa amekaa kwenye kigoda chake, hajainuka.

Kuna sababu nyingine ya kutaka mlio. Mbwa akiachiwa mwenyewe huomba kwa kugusa: anakusukuma kwa pua, anakuwekea mguu gotini, anakulamba mkono. Kwetu hilo haliwezekani. Sisi ni Waislamu. Mbwa wa ulinzi tunaye, lakini haingii ndani, na mate yake yakigusa chombo tunakiosha mara saba, mara moja kwa udongo. Bibi anashinda na udhu wake. Kila Kunde alipomsogelea kuomba kitu, Bibi alirudi nyuma, na Kunde akajifunza kutomwomba. Nataka njia ambayo mbwa anaomba akiwa mahali pake na Bibi anajibu akiwa mahali pake.

Kwa kumbukumbu: Kunde ni jike, koko, ana kama miaka mitatu, rangi yake ndiyo iliyompa jina, ile ya maji ya kunde. Chanjo ya kichaa cha mbwa amepata. Mchana anakaa bandani kwa sababu wanafunzi wangu huja nyumbani kwa masomo ya ziada. Usiku yuko huru uani.

Jumatano, 8 Januari

Siku tatu nimekaa barazani na daftari, simfundishi chochote. Nimeandika tu anachosema tayari.

Akiwa na kiu analamba pua, anaitazama sufuria, ananitazama mimi, anairudia sufuria. Akibanwa anazunguka, ananusa kizingiti, anakwaruza mlango mara mbili na kusubiri. Mgeni akipita, sauti ni nzito na mwili wote uko mbele. Sauti ya kiu ni nyembamba, inapanda mwishoni. Nikiwa karibu naitambua. Nikiwa ndani siisikii tofauti yake, na Bibi, ambaye sikio lake la kushoto limepungua nguvu, haisikii kabisa.

Hayo macho ya kwenda na kurudi si ya Kunde peke yake. Mwaka 2003 Ádám Miklósi na wenzake wa Budapest walilinganisha mbwa na mbwa mwitu wa Ulaya (wolf) waliolelewa na watu tangu wadogo. Wote walifundishwa kupata chakula kwa njia fulani, kisha njia ikafungwa. Mbwa mwitu waliendelea kuhangaika na chombo. Mbwa waligeuka mapema wakamtazama mtu. Ndicho anachofanya Kunde mchana kutwa: anageuka kumtazama mtu, na mtu hayupo.

Kwa hiyo kazi yangu si kumfundisha kuomba. Anaomba. Kazi ni kuyapa macho yake sauti inayofika jikoni.

Jumamosi, 11 Januari

Vifaa.

Kengele ya mbuzi, ya chuma, nimeinunua mnadani kwa mzee wa Kimasai. Aliniuliza nina mbuzi wangapi. Nilipomwambia ni ya mbwa alifikiri kidogo, akasema, "Basi ifunge chini, mama. Mbwa akiomba hainui kichwa." Nilikuwa nimepanga kuifunga usawa wa kifua chake. Nimeifunga usawa wa goti.

Mfuniko wa bati wa ndoo ya rangi, kipenyo kama sahani ya kulia. Huu ni wa maji. Nitaupigilia kwenye ubao karibu na sufuria, aupige kwa mguu. Kengele kwa pua, bati kwa mguu: milio tofauti na pia viungo tofauti vya mwili, ili asije akavichanganya.

Mwiko mkuukuu ulioondolewa jikoni kwa kazi hii tu. Walimu wengi wa mbwa huanza na kiganja cha mkono: mbwa anagusa kiganja kwa pua, anapata zawadi. Mimi nitatumia mwiko badala ya kiganja.

Mapupu kutoka buchani, nimeyachemsha bila chumvi na kuyakatakata vipande vidogo kama punje ya hindi.

Na mfuniko wa chupa ya jemu, ule unaotoa "tak" ukiubonyeza katikati. Huu ndio moyo wa kazi yote. Nilijifunza hapa hapa Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambako shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Nilipeleka wanafunzi mwaka mmoja. Nilichokumbuka zaidi ni ule mlio mdogo: panya anapatia, mlio unalia papo hapo, ndizi inafuata. Chakula hakiwezi kufika katika nukta ileile panya aliponusa, mlio unaweza. Unamwambia mnyama, hicho ulichofanya sasa hivi, hicho hicho. Mmoja wa panya hao, Magawa, alianza hivyo hapa nchini, akapelekwa Kambodia akagundua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya mia moja, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la tiba ya wanyama la Uingereza. Kama mlio na ndizi vilimfikisha panya huko, mlio na mapupu vitamfikisha Kunde kwenye kengele.

Alhamisi, 16 Januari

Tak, kipande cha pupu. Tak, kipande. Mara ishirini asubuhi, mara ishirini jioni, hakuna anachotakiwa kufanya. Siku ya tatu nilibonyeza akiwa ananusa ukuta. Aligeuza shingo haraka na masikio yakasimama. Ameelewa kuwa mlio ni ahadi. Tangu sasa sitabonyeza bila kulipa, hata nikikosea.

Jumapili, 19 Januari

Mwiko. Nauweka mbele yake, anaunusa, tak. Dakika tano basi, kisha namwacha. Mazoezi marefu yanamchosha na mimi yananifanya niwe na haraka. Leo ameufuata kulia, kushoto na chini hadi usawa wa goti.

Jumapili, 26 Januari

Tumehamia kwenye kengele, na siku ya kwanza niliharibu. Niliweka ncha ya mwiko kwenye kengele, Kunde akaja kwa furaha akaigusa kwa nguvu, ikalia karibu na sikio lake. Aliruka nyuma, akakaa mwisho wa banda na kukataa hata pupu. Kutwa nzima hakuusogelea ule upande.

Nikaanza upya. Nilifunga ulimi wa kengele kwa kitambaa, ukawa hautoi sauti kabisa. Aligusa kengele bubu kwa siku mbili. Siku ya tatu nikalegeza kitambaa, ikatoa sauti kama ya kijiko kwenye kikombe cha plastiki. Siku ya nne nusu. Jana nilikiondoa. Aligusa, ikalia, akaganda, akanitazama, tak. Nilimpa vipande vitano kwa mpigo.

Kitambaa hicho kingenigharimu dakika moja siku ya kwanza. Anayefikiria kufanya hivi, aanze na kengele bubu.

Jumapili, 2 Februari

Sasa kengele lazima iwe na maana. Utaratibu wa wiki nzima: kila ninapomtoa kwenda haja, kwanza tunasimama mlangoni, namwonyesha kengele kwa kidole, anagusa, mlango unafunguka. Hakuna tak tena wala pupu. Mlango wenyewe ndio malipo. Tunaenda moja kwa moja nyuma ya michaichai, dakika tatu, tunarudi.

Leo saa tisa alasiri nilikuwa nasahihisha madaftari barazani, mgongo kwa banda. Nikasikia *nga-nga*. Nilidhani ni mbuzi wa jirani. Ikarudia. Nikageuka: Kunde amesimama kando ya kengele, ananitazama.

Nilitupa kalamu. Nilikimbia. Alikwenda nyuma ya michaichai akakojoa muda mrefu sana.

Kwenye safu ya daftari nimeandika kwa wino mwekundu: KENGELE = HAJA.

Jumapili, 9 Februari

Mara thelathini na moja jana. Thelathini na moja. Kijana wangu, yuko kidato cha pili, ndiye aliyehesabu. Kunde amegundua kuwa akigusa chuma kile watu wanakuja mbio, na mtu aliyekaa bandani peke yake tangu asubuhi angefanya vivyo hivyo.

Sikutaka kumzomea. Ningemzomea kwa kupiga kengele ningekuwa nimeua kitu nilichokijenga mwezi mzima. Badala yake nimeifanya kengele inunue kitu kimoja tu: kamba, michaichai, dakika tatu, rudi. Hakuna kubembelezwa, hakuna mchezo, hakuna mazungumzo. Na nimeweka sheria: akitoka na kurudi, kengele haijibiwi mpaka dakika ishirini zipite.

Kando ya hayo nimemwongezea muda wa kutembea alfajiri na jioni, nusu saa kila mara hadi uwanja wa shule na kurudi. Kengele thelathini na moja zilikuwa zinasema na hilo pia.

Jumapili, 16 Februari

Kengele zimeshuka hadi nane kwa siku, jana sita. Tumeanza bati.

Mguu umekuwa rahisi kuliko pua. Kunde ni mbwa wa kukwaruza, kwa hiyo niliweka kipande cha pupu chini ya bati, akakwaruza, *ba-ba-ba*, tak. Mazoezi manne tu. Kilichokuwa kigumu ni maana. Sitamnyima mbwa maji ili ajifunze kuyaomba. Hilo niliamua kabla ya kununua hata mwiko. Nilichofanya ni kuwa na sufuria mbili. Moja ina maji wakati wote kwenye kona ya mbali. Ya pili, karibu na bati, iko tupu. Akipiga bati naimimina, baridi, kutoka kwenye mtungi. Kila baada ya siku mbili sufuria ya mbali naisogeza karibu kidogo na ile ya bati, mpaka ziwe mahali pamoja, mpaka ibaki moja.

Kijana wangu amenionyesha video za mbwa wa Marekani wanaobonyeza vitufe vinavyotamka maneno kwa sauti ya mwenye mbwa. Aliyeanzisha mtindo huo ni Christina Hunger, mtaalamu wa tiba ya usemi, akiwa na mbwa wake Stella mwaka 2018. "Mama, si tuagize hivyo?" Nilimwambia bandani kwetu kuna vumbi, kuna mvua, kuna betri. Na sauti ya mtu ikitoka bandani, Bibi atadhani ni mtu. Kengele ni kengele.

Nilimsimulia vilevile habari ya Sofia wa Brazili, inayonigusa zaidi. Alikuwa koko kama Kunde. Watafiti Rossi na Ades wa Chuo Kikuu cha São Paulo walimfundisha kubonyeza alama kwenye ubao, alama ya maji, ya chakula, ya matembezi, na mwaka 2008 wakachapisha matokeo. Waliandika kuwa kabla na baada ya kubonyeza, Sofia aliutazama ubao na kumtazama mtu, akirudiarudia. Macho yaleyale niliyoyaandika Januari.

Jumapili, 2 Machi

Wiki hii nilikuwa na hofu moja: je, Kunde anaomba, au ananisoma mimi?

Kila mwaka nawasimulia wanafunzi habari ya Hans, farasi wa Berlin aliyekuwa maarufu mwaka 1904. Mwenyewe, Wilhelm von Osten, mwalimu, aliamini kabisa kuwa farasi anajua hesabu. Ukiuliza mbili na tatu, anagonga kwato mara tano. Mwaka 1907 Oskar Pfungst akaonyesha kuwa Hans alikuwa anasoma mwili wa muulizaji: kichwa kinachoinuka kidogo sana idadi inapofika. Muulizaji asipojua jibu, Hans naye hajui. Von Osten hakudanganya mtu. Alimpenda farasi wake na hakujua kuwa anampa majibu yeye mwenyewe. Mimi nampenda Kunde, kwa hiyo hatari ni ileile.

Nilipanga hivi. Siku saba mimi sikai barazani. Kijana, akirudi shule, anakaa chumbani, pazia limeshushwa, haoni banda. Anaandika saa na aina ya mlio tu. Asubuhi Bibi anafanya hivyo kwa kuweka punje: ya mahindi kwa kengele, ya haragwe kwa bati. Anayekwenda kujibu anaandika alichokikuta.

Bati: mara tisa. Mara saba sufuria ilikuwa tupu au imeingia uchafu. Mara mbili ilikuwa imejaa, nikaandika "kosa". Kisha jana, kwenye ile ya pili, nikachovya kidole. Maji yalikuwa ya moto kama ya kuogea. Jua la saa nane linapiga moja kwa moja kwenye sufuria. Nimefuta "kosa" zote mbili na nimejenga kivuli cha makuti juu yake. Nilikuwa nadhani bati maana yake "sufuria tupu". Yeye anasema "maji ya kunyweka".

Kengele: mara ishirini na tatu. Mara kumi na saba alijisaidia alipotolewa. Mara sita alitoka, akasimama, akanusa upepo, hakufanya lolote. Hizo sita sina maelezo yake. Nimeziandika "uongo" kwa penseli.

Jumapili, 16 Machi

Ramadhani. Ratiba yote imegeuka. Tunaamka daku, na Kunde, ambaye usiku yuko huru, anakuja kukaa karibu na dirisha la jikoni. Saa kumi jioni Bibi anapoanza kukaanga sambusa, kengele inaanza. Sikujibu kwa chakula hata mara moja. Natoa kamba, michaichai, narudi. Siku ya nne akaacha.

Jambo kubwa la mwezi huu ni Bibi. Akifunga anakaa zaidi barazani kivulini, na sasa masikio yake yanashinda bandani. Juzi aliniambia, "Leo kengele yake ya asubuhi ilikuwa ya haraka, tumbo halikuwa sawa." Nikatazama: kweli, choo kilikuwa laini. Nilimuuliza amejuaje. "Ya kawaida anapiga mara mbili anasubiri. Ya shida hasubiri."

Mimi naandika idadi. Bibi anasikia mwendo. Nimeongeza safu kwenye daftari, "mwendo", na anayeijaza ni yeye kwa kunisimulia.

Jumapili, 30 Machi

Bibi anaweza kujibu bati bila kusogea karibu na mate. Kijana wangu amefunga bomba la plastiki kutoka ukingo wa baraza hadi juu ya sufuria, mita nne na kitu, lenye mteremko. Juu ameweka faneli iliyokatwa kwenye chupa ya lita tano. Bibi anasikia *ba-ba-ba*, anamimina kopo, maji yanashuka. Mara ya kwanza maji yalipotokea kwenye wavu, Kunde alimtazama Bibi kule barazani, si bomba. Bibi akasema, "Kunywa, mama."

Miaka mitatu sijamsikia akimwita hivyo.

Jumapili, 13 Aprili

Naandika hili taratibu kwa sababu nataka liandikwe sawasawa.

Mvua za masika zimekolea. Alhamisi ilinyesha usiku kucha. Alfajiri nilimtoa Kunde, akajisaidia vizuri, nikamrudisha bandani saa kumi na mbili kasoro kwa kuwa muuza maziwa anakaribia kufika. Dakika sita baadaye kengele. Nikaangalia saa. Sheria yangu ni dakika ishirini, na alikuwa ametoka kujisaidia. Sikwenda. Kengele tena, na tena. Nikaandika kwenye safu: "uongo, uongo".

Bibi alikuwa ametoka kuswali. Akaja mlangoni kwangu. "Mwanangu, nenda."

"Mama, nimemtoa sasa hivi. Nikienda naharibu mafunzo."

"Huyo hachezi. Kengele ya kucheza naijua. Nenda."

Nilikwenda. Kunde alikuwa amepanda juu ya ubao wa bati, miguu minne imebanana, anajilamba tumbo. Gunia analolalia lilikuwa jeusi na linatembea. Siafu. Maji ya mvua yalikuwa yamewatoa ardhini nyuma ya ukuta na msafara ulikuwa unapita katikati ya banda. Nilivuta mlango, akatoka kama risasi. Nilikaa naye chini uani nikiwang'oa mmojammoja kwenye vidole, tumboni, chini ya mkia. Wengine vichwa vilibaki kwenye ngozi. Hakuning'ata, hakulia. Kila nilipomng'oa mmoja alinitazama.

Majivu ya moto tulimwaga kuzunguka banda, gunia tukachoma. Daktari wa mifugo alimwona siku hiyo hiyo, ana uvimbe kwenye nyayo lakini atapona.

Usiku nilirudi kwenye daftari, kurasa za Februari, kwenye yale maandishi mekundu. KENGELE = HAJA. Hiyo ilikuwa maana yangu mimi. Kunde hakuwahi kufundishwa neno "haja". Kitu alichokiona kila siku, kila mara, bila kukosa, ni kwamba akigusa kengele mlango unafunguka. Kengele kwake ni "nitoe". Akibanwa anasema nitoe. Akiumwa na siafu anasema nitoe, na alisema kwa usahihi kabisa, na nikaandika uongo.

Nimefuta sheria ya dakika ishirini. Nimefuta zile "uongo" sita za Machi. Saa zake zilikuwepo, kwa hiyo nilizitazama upya: nne kati ya sita ni kati ya saa saba na saa tisa mchana, muda ambao paa la bati la banda linawaka. Alikuwa anatoka kusimama kwenye upepo.

Jumapili, 20 Aprili

Paa la banda tumelifunika makuti na kuinua upande mmoja hewa ipite. Sakafu imeinuliwa juu ya matofali, miguu ya banda iko ndani ya makopo yenye oili chafu. Kengele za mchana zimepungua kutoka nne hadi moja.

Jumapili, 4 Mei

Watafiti wa San Diego, kundi la Federico Rossano, walichapisha mwaka 2024 kuwa mbwa waliozoea vitufe huitikia neno la "nje" au la "mchezo" ipasavyo hata anayebonyeza akiwa mgeni. Nimetaka kujua upande wa pili: Kunde atamwomba mgeni?

Nilipokwenda Dodoma siku tatu kusahihisha mitihani, jirani yetu mama mmoja alikuja kumsaidia Bibi. Nilimwachia karatasi yenye mistari miwili. *Nga-nga*, mfungulie. *Ba-ba-ba*, maji kwenye bomba. Siku ya kwanza Kunde alimbwekea tu na hakugusa kitu hadi adhuhuri. Kisha akapiga bati. Jirani akamimina. Saa moja baadaye, kengele. Jirani alinipigia simu akicheka kwa furaha: "Dada, mbwa wako ameniita!"

Bibi alipokea simu akanipa taarifa kamili: kengele tatu, bati mbili, mwendo wa kawaida zote.

Jumapili, 18 Mei

Bado halijapatikana la maumivu. Kupe sikioni, mwiba mguuni, tumbo: kwa hayo hana mlio, ila ule mwendo wa kutosubiri ambao Bibi anausikia. Nilifikiria kifaa cha tatu. Sijaona namna ya kumfundisha bila kumtia maumivu kwanza, na hilo silifanyi. Kwa hiyo njia ni sisi kujifunza mwendo. Nimeanza kurekodi kengele kwa simu, kijana na mimi tunasikiliza jioni na kukisia, kisha tunamuuliza Bibi. Wiki hii nimepatia saba kati ya kumi na mbili. Kijana, tisa.

Leo: kengele saa moja asubuhi, haja. Bati saa nne na robo, Bibi amemimina. Bati saa saba, jani la mwembe ndani ya sufuria, limeondolewa. Kengele saa tisa kasoro, mara tatu bila kusubiri. Bibi aliinuka kabla yangu. Kulikuwa na nyoka mdogo wa kijani kwenye wavu, nje ya banda, anapita zake. Mlango umefunguliwa. Kunde amelala chini ya mwembe tangu saa hiyo, na hatujamrudisha.